Asili ya koltani yaweza kupimwa, lakini ni nani atakayepima?

MWISHONI mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka mji mdogo wa Rubaya, wilayani Masisi katika Kivu ya Kaskazini. Pamoja na mji huo walitwaa vilima ambavyo, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu yote ya dunia.

Desemba mwaka huo, jopo la wataalamu linaloripoti kwa Baraza la Usalama lilieleza kuwa waasi hao walikuwa wakijipatia kiasi cha dola 800,000 za Marekani kwa mwezi kutokana na kodi walizotoza katika koltani ya Rubaya. Jopo hilo lilisema pia kuwa tani zisizopungua 150 zilikuwa zimevushwa kwa hila hadi Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Liliuita mchanganyiko huo uchafuzi mkubwa kuliko wote uliopata kurekodiwa katika biashara ya madini ya eneo la Maziwa Makuu.

Rwanda imekuwa ikikanusha madai ya aina hii kwa miaka mingi, ikisisitiza kuwa ina machimbo yake yenyewe. Hilo la machimbo ni kweli, kwani koltani na bati vimechimbwa Gatumba na kwingineko magharibi mwa nchi hiyo tangu enzi za utawala wa Wabelgiji. Kwa hiyo kila ripoti mpya inapotoka, upande mmoja huonyesha malori yanayovuka mpaka usiku na mashahidi wasiotajwa majina, na upande wa pili huonyesha hati za usafirishaji zenye mihuri yote inayotakiwa. Mjadala huishia hapo.

Kinachosahaulika katika ubishi huo ni madini yenyewe. Punje ya koltani hubeba ndani yake kumbukumbu ya mwamba ilimozaliwa, na ipo mashine yenye uwezo wa kuisoma kumbukumbu hiyo. Uwezo huo si wa jana wala juzi. Tangu mwaka 2006 wanasayansi wa Taasisi ya Serikali ya Ujerumani ya Sayansi ya Ardhi na Maliasili, yenye makao yake Hannover, wamekuwa wakiuendeleza kwa ajili ya madini ya Congo na majirani zake, na wameupa jina la alama za vidole.

Mashine hiyo huitwa spektrometa ya masi. Mwingereza Francis Aston aliunda moja ya zile za mwanzo huko Cambridge mwaka 1919, akaitumia kugundua kuwa elementi nyingi zina atomu za uzito tofauti, na mwaka 1922 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa maneno mepesi, kazi yake ni kuzipa atomu chaji ya umeme, kuzirusha ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kuzitenga nyepesi na nzito, kisha kuzihesabu.

Kwa wapimaji wa metali, hatua kubwa ilipigwa mwaka 1980. Robert Houk na Velmer Fassel wa Ames, Iowa, nchini Marekani, wakishirikiana na Alan Gray wa Uingereza, walionyesha kuwa atomu hizo zinaweza kutayarishwa ndani ya plazma ya gesi ya argoni, yaani mwali wa umeme wenye joto linalozidi lile la uso wa jua. Miaka mitano baadaye Gray alionyesha kuwa si lazima jiwe liyeyushwe kwa tindikali kwanza. Mwanga wa leza waweza kulichoma na kupeleka mvuke wake moja kwa moja katika plazma.

Ndani ya mwali huo karibu hakuna kampaundi ya metali inayosalia. Iwe oksidi, salfidi au chumvi, karibu vyote huvunjwa hadi kubaki atomu tupu zenye chaji. Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii, kwa kuwa elementi kadhaa zinaweza kuhesabiwa kwa mkupuo mmoja, hata zile ambazo kiasi chake ni gramu moja tu katika tani nzima ya mawe, au chini ya hapo. Lakini ndio udhaifu wake pia. Mashine hueleza ni atomu zipi zilizokuwamo, haielezi zilikuwa zimeungana vipi kabla ya kuchomwa.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa Hannover hawaanzi na spektrometa. Sampuli ya mchanga wa koltani humiminiwa gundi ngumu, hukatwa na kung'arishwa, kisha huwekwa chini ya hadubini ya elektroni inayotambua kila punje ni madini gani. Katika gunia moja la koltani hupatikana kolumbaiti na tantalaiti, na mara nyingi pia kasiteraiti ya bati, zirkoni na madini mengine madogo. Uwiano wa madini hayo ni dalili ya kwanza ya mahali gunia lilikotoka.

Baada ya hapo punje kadhaa huchaguliwa, makumi kwa kila sampuli, na kila moja hupigwa leza inayoacha tundu lenye upana unaokaribia ule wa unywele. Spektrometa huhesabu manganizi, titani, bati, tungsteni, zirkoni, hafni, urani na elementi nyingine zilizojificha ndani ya punje hiyo. Upimaji wa punje moja moja ndio unaoitofautisha njia hii na ile ya kusaga gunia zima na kupima unga wake. Unga hutoa wastani tu, na wastani ndio maficho mazuri ya mtu aliyechanganya mizigo miwili.

Kisha kuna saa. Koltani hubeba urani kidogo, nayo urani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika. Nusu ya urani yenye namba 238 huchukua miaka bilioni 4.47 kugeuka, na nusu ya ile yenye namba 235 huchukua miaka milioni 704. Mashine ikishahesabu atomu za urani na za risasi ndani ya punje, umri wa punje hujulikana. Urani hiyohiyo, ikiandamana na thori, ndiyo inayofanya baadhi ya shehena za koltani zihesabiwe kuwa mizigo yenye mionzi zinaposafirishwa kwa meli.

Umri huo una maana kubwa barani Afrika. Tafiti za Frank Melcher na wenzake zimeonyesha kuwa miamba inayobeba tantalamu katika bara hili ilizaliwa katika vipindi vinne vilivyoachana sana. Ya kale kabisa, kama ile ya Zimbabwe, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ipo ya miaka kama bilioni mbili, ipo ya Maziwa Makuu inayokaribia miaka bilioni moja, na ipo changa kama ile ya Alto Ligonha nchini Msumbiji, yenye miaka kama milioni 500. Mfanyabiashara anayeandika Msumbiji katika hati ya mzigo uliotoka Masisi huumbuliwa na punje za kwanza tu zitakazopigwa leza. Njia ya mwongo ni fupi.

Hata hivyo ugumu upo pale hasa ambapo ubishi wa leo umejikita. Kivu na Rwanda zimekalia ukanda mmoja wa miamba, na mpaka uliochorwa na Wazungu haukuuliza miamba ilikuwa ikielekea wapi. Koltani ya pande zote mbili ina umri unaokaribiana, hivyo saa ya urani peke yake haiwezi kutoa hukumu. Hapo ndipo elementi chache zilizojificha zinapobeba mzigo wote wa ushahidi. Kila mwamba wa pegmataiti ulipoa kwa namna yake, na kiasi cha hafni au tungsteni kilichonaswa katika punje za kilima kimoja si lazima kilingane na kile cha kilima kinachofuata.

Tofauti hizo huwa wazi kwa baadhi ya machimbo na hafifu kwa mengine. Ndiyo maana swali linaloulizwa maabara ni la tahadhari kuliko magazeti yanavyopenda. Wataalamu hawaulizwi mzigo huu umetoka wapi. Huulizwa kama mzigo huu unalingana na mgodi ulioandikwa katika hati zake. Jibu hutolewa kwa hesabu za takwimu, na linaweza kuwa ndiyo, hapana, au kwamba kuna shaka inayotosha kumtuma mkaguzi mgodini.

Sharti la pili ni kuwa na sampuli za kulinganishia. Alama ya kidole haina faida polisi ikiwa hakuna daftari la alama za watu wanaojulikana, na kwa madini ni hivyohivyo. Mtu lazima awe amefika mgodini, akachukua mchanga kwa mkono wake mwenyewe na kuandika mahali alipoutoa. Wajerumani wamefanya kazi hiyo katika machimbo mengi ya Congo, Rwanda na nchi jirani. Lakini mashimo mapya huchimbwa kila mwaka, na katika maeneo ya vita hakuna mjiolojia anayeruhusiwa kupita na mfuko wake wa sampuli.

Yote hayo ni mapungufu ya kweli, ila hayatoshi kueleza kwa nini mashine hiyo haisikiki katika kesi kubwa kama ya Rubaya. Sababu zinapatikana zaidi katika mikataba kuliko maabara.

Mwaka 2007, wakuu wa nchi nane tajiri walipokutana Heiligendamm nchini Ujerumani, waliunga mkono mradi wa majaribio wa kuthibitisha asili ya madini. Desemba 2010 viongozi wa nchi za Maziwa Makuu, Tanzania na Kenya zikiwamo, walikutana Lusaka na kukubaliana juu ya mfumo wa pamoja wa kutoa vyeti kwa bati, tungsteni, tantalamu na dhahabu. Alama za vidole za maabara zilipewa nafasi kama nyenzo ya ukaguzi, ya kutumiwa pale penye shaka. Uzito wenyewe uliachiwa hati, pamoja na vitambulisho vya plastiki vinavyofungwa kwenye magunia.

Kitambulisho cha plastiki kina faida yake, kwani ni rahisi na mchimbaji hucheleweshwa kidogo tu. Lakini kinathibitisha jambo moja, kwamba mtu alikuwa nacho na akakifunga. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza zaidi ya mara moja jinsi vitambulisho hivyo vilivyouzwa kwa magendo na kufungwa kwenye magunia yaliyotoka kwingine. Kuweka ukaguzi wa maabara uwe wa hiari, huku hati zikiwa za lazima, ni sawa na kumwachia mshitakiwa aamue kama shahidi aitwe au asiitwe.

Nchi zinunuazo nazo zilifuata mkondo huohuo. Sheria ya Marekani ya Julai 2010, maarufu kwa majina ya Dodd na Frank, iliyataka makampuni yaeleze kama metali zao zimetoka Congo au kwa majirani zake. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Januari 1, 2021 zinawataka waagizaji wachunguze mnyororo wa wauzaji wao. Hakuna kati ya hizo mbili inayomtaka mwagizaji apeleke hata punje moja maabara. Zote hutosheka na karatasi.

Si kwamba wafanyabiashara hawapimi. Katika nyumba za ununuzi za Goma na Kigali ni kawaida kumuona mnunuzi ameshika kifaa cha eksirei mfano wa bastola, akikilenga kwenye mchanga na kusoma kiwango cha tantalamu kwenye kioo chake, kwa kuwa bei hupangwa kwa kiwango hicho. Kifaa hicho humjibu mnunuzi swali lenye fedha ndani yake, yaani kiasi gani. Swali la wapi hakiwezi kulijibu, wala anayekishika hana haja ya kuliuliza.

Wakati wa kuliuliza una mwisho. Koltani ikishafika kwenye viwanda vya kusafisha, vilivyoko China, Kazakhstan na kwingineko, huyeyushwa katika tindikali kali na kutenganishwa. Tantalamu hutoka ikiwa safi, na punje zote pamoja na hafni, risasi na umri wake hupotea. Unga unaoingia katika vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ndani ya simu na kompyuta hauna tena habari yoyote ya Rubaya wala Gatumba. Hakuna spektrometa, hata iwe ya bei gani, inayoweza kurudisha kilichoyeyushwa.

Hilo lina uzito mahakamani. Desemba 2024 mawakili wa Serikali ya Congo walifungua malalamiko ya jinai nchini Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya kampuni tanzu za Apple, wakidai kuwa madini yaliyoporwa yameingia katika bidhaa zake. Apple ilikanusha, ikasema ilikuwa imewaagiza wauzaji wake waache kununua madini hayo kutoka Congo na Rwanda. Yeyote mwenye haki katika shauri hilo, simu iliyokwisha kutengenezwa haiwezi kuitwa shahidi. Ushahidi wa kimaabara hupatikana tu kwa shehena iliyochukuliwa sampuli kabla haijafika kiwandani.

Kwa dhahabu hali ni mbaya zaidi, maana huyeyushwa karibu na mgodi wenyewe na huchanganywa mara kadhaa njiani kabla ya kufika Dubai. Koltani ina bahati ya kusafiri mbali ikiwa bado ni mchanga. Dunia imeshindwa kuitumia bahati hiyo.

Wanaoumia kwa kukosekana kwa kipimo ni wengi, na si wote wako chini ya bunduki. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011. Mwaka huohuo wanunuzi wengi, wakiiogopa sheria mpya ya Marekani, waliamua kuikwepa Congo yote. Wachimbaji wa mashimo yasiyokuwa na waasi wala wanajeshi walikosa mnunuzi sawa na wale waliochimba mbele ya mitutu, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuutofautisha mchanga wao. Familia zilizotegemea koleo na karai zilirudi kwenye mashamba ambayo vita vilikuwa vimekwisha kuyavuruga.

Mchimbaji halali wa Gatumba naye yumo katika hesabu hiyo. Kila ripoti ya uchafuzi inapotoka, koltani yake hushukiwa pamoja na ile ya magendo, na hati za serikali yake hazimwondolei shaka mnunuzi wa Ulaya. Kama Rwanda ina uhakika na machimbo yake, hakuna nchi ingenufaika kuliko hiyo kwa kukubali shehena zake zipimwe na maabara isiyo yake. Na Congo, kwa upande wake, ingekuwa na kitu kigumu zaidi cha kuweka mezani kuliko simulizi za madereva.

Hofu ya serikali ni rahisi kuielewa. Kumbukumbu ya alama hizo imejengwa Hannover kwa fedha za Ujerumani, na si kila waziri wa madini atafurahia kuambiwa na maabara ya kigeni kwamba cheti alichokitia saini hakilingani na mchanga uliomo. Tena spektrometa ya aina hii inahitaji argoni safi, umeme usiokatika na mafundi waliosomea kazi hiyo kwa miaka. Lakini gharama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na dola 800,000 kwa mwezi zilizotajwa na jopo la Umoja wa Mataifa kwa Rubaya peke yake, na maabara ya pamoja ya nchi za Maziwa Makuu ingeondoa malalamiko ya kwamba Mzungu ndiye anayehukumu.

Makubaliano ya amani yaliyotiwa saini Washington na mawaziri wa mambo ya nje wa Congo na Rwanda Juni 27, 2025, na kuthibitishwa na Marais Felix Tshisekedi na Paul Kagame hapo Desemba 4 mwaka huo, yanazungumzia ushirikiano wa kiuchumi, madini yakiwamo. Ikiwa ushirikiano huo utamaanisha koltani ya nchi hizo mbili kusafishwa katika viwanda vya eneo hilo, nafasi ya kuchukua sampuli itafupika zaidi, kwa sababu kiwanda kitakuwa jirani na mgodi. Utaratibu wa kupima unapaswa kuwekwa kabla ya tanuri kuwashwa.

Kwa sasa njia bado ni ndefu. Koltani ya Rwanda, na ile ya Kivu inayosafiri kwa jina lake, hubebwa kwa malori kuvuka nchi za Afrika Mashariki hadi bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na hapo makontena hupangwa yakisubiri meli. Kisheria, nchi hizo mbili zilikwisha kujifunga katika makubaliano ya Lusaka. Kinachohitajika ni afisa wa forodha mwenye idhini ya kufungua kontena, mfuko mdogo wa mchanga kutoka katika magunia machache, na lakiri isiyoweza kuvunjwa bila kuonekana.